Babu mgonjwa mara 175: insha ya kuombea chuo na ufadhili inataka nini hasa

Mwaka 2007, UCAS, chombo kinachopokea maombi ya kujiunga na vyuo vikuu vya Uingereza, kilipitisha maelezo binafsi ya waombaji wapatao 50,000 kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Programu ikaibua mambo. Waombaji 234 walikuwa wamesimulia jinsi walivyounguza nguo zao za kulalia wakiwa na umri wa miaka minane, na tangu siku hiyo wakaipenda sayansi. Wengine 175 walikuwa na babu mzee au mgonjwa. Ama watoto wa nchi ile walikuwa hatarini kuliko wazazi wao walivyojua, ama kuna mifano fulani mtandaoni iliyokuwa imesomwa sana.

Wale wa nguo za kulalia huwa nawacheka. Babu ndiye ninayemwonea huruma. Bila shaka baadhi ya wale 175 walikuwa na babu wa kweli, aliyeugua kweli, na walikaa kando ya kitanda chake kweli. Ila walipoketi kuandika, walimwandika kwa namna ambayo babu wa mtu mwingine yeyote angeweza kuingia mahali pake na msomaji asigundue. Insha nyingi za maombi hufa kifo hicho. Mwandishi hakudanganya hata kidogo. Alisema kweli yake kwa maneno ya watu wote.

Babu huyo nitamrudia baadaye, maana naamini anaweza kuokolewa. Kabla ya hapo kuna fundo la kufungua, na fundo lenyewe ni jina.

Maswali matatu, jina moja

Watu husema "insha ya maombi" kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Mara ya kwanza nilipoomba, niliandika insha moja nikaituma kwa vyuo viwili na wafadhili wawili, nikibadilisha jina la mpokeaji tu. Na hata hilo jina nilisahau kulibadilisha mahali pamoja, kwa hiyo mfadhili mmoja alisoma jinsi nilivyokuwa na ndoto ya siku nyingi ya kusoma katika chuo ambacho yeye hahusiki nacho kwa lolote. Majibu yalikuja manne, yote mafupi.

Kusahau jina ulikuwa uzembe. Kilichoniangusha hasa ni kwamba wale wanne hawakuwa wameniuliza swali moja, nami niliwapa jibu moja.

Vyuo vya Marekani, kwa shahada ya kwanza, vinauliza: wewe ni nani unapofikiri? Vingi hupokea maombi kupitia Common App, mfumo ulioanzishwa mwaka 1975 na vyuo 15 na ambao sasa una zaidi ya vyuo 1,000. Insha yake kuu ni ya maneno 250 hadi 650. Unapewa mada saba za kuchagua: kikwazo ulichokutana nacho, imani uliyoitilia shaka, jambo ulilotendewa likakufanya ushukuru, kitu kinachokusahaulisha muda, na kadhalika. Mada ya saba inakuruhusu kuandika chochote utakacho, jambo linaloonyesha kwamba mada zile nyingine sita ni milango tu ya kuingilia chumba kimoja. Alama zako tayari wanazo. Walimu wako wameshakusifu kwenye barua zao. Kitu pekee ambacho faili halina ni sauti yako, na ndiyo wanayoitafuta.

Juu ya insha hiyo kuu, vyuo vingi huongeza maswali yao. Chuo Kikuu cha California, ambacho hakitumii Common App, humpa mwombaji maswali manane achague manne, kila jibu lisizidi maneno 350. Stanford imezoea kumtaka mwombaji amwandikie barua mwenzake atakayeishi naye chumba kimoja. University of Chicago, ambayo ina sifa ya maswali ya kichekesho, iliwahi kuwaambia waombaji "Tafuta x" na kuishia hapo. Anayedhani swali kama hilo linahitaji hesabu amelielewa vibaya, na anayedhani linahitaji utani peke yake amelielewa nusu.

Uingereza ni habari nyingine kabisa. Kule chuo kinadahili mtu kwenye somo, na swali lake ni: uko tayari kulisoma somo hili kwa miaka mitatu au minne? Kwa miongo mingi maelezo binafsi ya UCAS yalikuwa kipande kimoja kirefu chenye herufi zisizozidi 4,000 pamoja na nafasi. Kwa wanaoomba kuanza masomo mwaka 2026 na kuendelea, kipande hicho kimegawanywa katika maswali matatu: kwa nini unataka kusoma kozi hii, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kujiandaa. Jumla ni zilezile herufi 4,000, na kila jibu lisipungue herufi 350. Maelezo hayohayo husomwa na vyuo vyote unavyoomba, hadi vitano, kwa hiyo ukitaja kimoja kwa jina umewaudhi wanne. Mhadhiri anayesoma maelezo ya mtu anayeomba fizikia hataki kujua kuhusu safari yako ya kujitambua. Anataka kuona kwamba umewahi kukutana na tatizo la fizikia ambalo hukulazimishwa na mtu kulifikiria, ukalifikiria.

Wafadhili nao wana swali la tatu, la mtu anayetoa fedha: nikizipanda kwako, zitaota nini? Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, hauzungushi maneno. Unataka insha nne fupi: uongozi, uwezo wa kujenga mahusiano, sababu za kuchagua kozi ulizochagua, na mpango wako wa kazi. Unamtaka pia mpokeaji arudi nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Mtu anayeandika mpango wa kazi wa Chevening huku nchi yake haionekani popote kwenye mpango huo amejibu swali ambalo hakuulizwa. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao hukaza swali la maendeleo: masomo haya yatamfikia nani, na kwa njia ipi? Huko maneno kama "kuleta mabadiliko chanya" hayanunui kitu. Wanataka ueleze mnyororo mzima, kuanzia ujuzi utakaorudi nao, ofisi au shamba au wodi utakayoupeleka, hadi mtu wa mwisho atakayeguswa nao.

Kwa hiyo kabla hujaandika sentensi moja, jiulize ni swali gani kati ya haya matatu liko mezani. Insha nzuri sana ya Common App huwa maelezo mabaya ya UCAS, na mpango bora wa Chevening ukiupeleka kwenye Common App utasomeka kama ripoti ya mradi.

Kwa nini wanataka kusoma habari zako hata kidogo

Desturi ya vyuo kumdadisi mwombaji kuhusu maisha yake ina historia isiyopendeza. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyuo vikubwa vya Marekani vilidahili kwa mitihani, na wanafunzi wa Kiyahudi wakawa wanafaulu na kuingia kwa wingi. Baadhi ya vyuo havikufurahia. Ndipo fomu zikaanza kurefuka. Katika miaka ya 1920 fomu ya Harvard ilimuuliza mwombaji kama jina lake au la baba yake limewahi kubadilishwa tangu kuzaliwa, na sababu ya swali hilo haikuwa siri kwa yeyote. "Tabia" na "haiba" vikawa vigezo, kwa kuwa vigezo hivyo havina alama ya kuhesabu.

Karne moja baadaye desturi ileile inafanya kazi tofauti. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku vyuo kuzingatia asili ya rangi kama kigezo cha udahili. Katika hukumu hiyohiyo, Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba hakuna kinachokizuia chuo kuzingatia maelezo ya mwombaji mwenyewe kuhusu jinsi rangi yake ilivyoathiri maisha yake, mradi jambo hilo lifungamane na tabia au uwezo wa mwombaji huyo binafsi. Baada ya hapo vyuo vingi vilibadilisha maswali yao ya nyongeza ili kumpa mwombaji nafasi ya kusema alikotoka. Mzigo uliokuwa umebebwa na kisanduku cha kuweka alama ya tiki sasa umeegemezwa kwenye aya zako.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Insha haijawahi kuwa kipimo safi cha ufundi wa lugha. Ni mahali ambapo mtu anayekuhukumu anaamua kama angependa uwe sehemu ya mahali pake. Ukilijua hilo, utaacha kuandika kama mtahiniwa.

Sasa babu

Tuseme kuna msichana anayetaka kusomea uandishi wa habari Marekani. Hii ndiyo rasimu yake ya kwanza:

"Babu yangu alikuwa mtu muhimu sana katika maisha yangu. Alipopoteza uwezo wa kuona, nilijifunza maana ya uvumilivu, upendo na kujitolea. Kila siku nilimsaidia kwa moyo mmoja. Tukio hili lilinibadilisha na kunifanya kuwa mtu niliye leo. Ndiyo maana nataka kuwa mwandishi wa habari, ili niwe sauti ya wasio na sauti."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Hakuna uongo pia. Lakini jaribu kumwona babu. Jaribu kusikia akiongea. Hayupo. Huyu ni yule wa 176.

Mtu wa kumsaidia msichana huyu hahitaji kuwa bingwa wa lugha, anahitaji kuwa mdadisi kidogo. Ulimsaidia kufanya nini? Kumsomea gazeti. Saa ngapi? Jioni. Gazeti lote? Hapo msichana anasita. Kisha anasema: la, kulikuwa na ukurasa niliokuwa nauruka.

Kule kusita ni dhahabu. Kila ninapozungumza na mtu anayeandika insha ya namna hii huwa nasubiri pale anaposita, kwa sababu ndipo anapofikia jambo ambalo hajalipangia maneno. Rasimu ya pili ikawa hivi:

"Babu alipopoteza macho, kazi ya kumsomea gazeti ikawa yangu. Nilianza na michezo, nikaja siasa, nikamalizia na barua za wasomaji. Matangazo ya vifo niliyaruka. Marafiki zake walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja, nami nilikuwa na miaka kumi na minne na sikutaka kuwa mleta habari hizo. Nikaendelea hivyo kwa miezi minne. Jioni moja nilipokunja gazeti akaniuliza, 'Siku hizi watu hawafi?' Sikujibu. Akasema, 'Tangu mwaka uanze namsubiri Yusufu aje kunisalimia. Niambie kama niendelee kumsubiri.'

Nilikuwa nimejiamulia mwenyewe kipi babu anastahili kujua, nikakiita kitendo hicho upendo. Siku hizi nikisoma habari natafuta kilichorukwa, na najiuliza nani aliamua kirukwe. Bado sijui kama nilipaswa kumsomea tangazo la Yusufu siku ileile lilipotoka. Ninachojua ni kwamba uamuzi huo haukuwa wangu peke yangu."

Babu ni yuleyule, na bado haoni. Kilichobadilika ni mambo kadhaa yanayofaa kutazamwa taratibu.

Muda umebanwa. Rasimu ya kwanza ilitaka kubeba maisha mazima, ya pili imebeba jioni moja, na maisha mazima yamekuja yenyewe nyuma ya jioni hiyo. Babu amepewa maneno mawili matatu ya kusema, na kwa maneno hayo tumejua kwamba ni mtu mwenye utani mkavu, mpole, na asiyedanganyika. Hakuna sifa hata moja iliyotajwa kwa jina: uvumilivu umeondoka, kujitolea kumeondoka, upendo umebaki ila umewekwa mashakani. Na mwandishi mwenyewe ana kosa. Hili la mwisho ndilo waombaji wanaliogopa kuliko yote, kwa sababu wanadhani kamati inatafuta malaika. Kamati inatafuta mtu atakayekaa darasani na wenzake miaka minne, aseme jambo, apingwe, alifikirie upya. Msichana huyu ameonyesha kwa aya mbili kwamba anaweza kujipinga mwenyewe. Na ile hamu ya uandishi wa habari haijatangazwa popote. Msomaji ameiona mwenyewe, na anachokiona mwenyewe hukiamini zaidi ya anachoambiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea hata baada ya kupata kisa kizuri, nalo ni uwiano. Wakishapata jioni yao wanaisimulia kwa maneno 600 na kubakiza 50 ya mwisho kwa "nilichojifunza". Kisa ni cha kubebea tu. Katika insha ya maneno 650, sehemu ya gazeti ingetosha maneno 200 au 250. Mengine yote yaende kwenye kinachofuata: aliporudi kwenye gazeti kesho yake alisoma vipi? Alifanya nini shuleni kwa sababu ya jambo hilo? Aligombana na nani juu ya nini kichapwe na nini kisichapwe? Wazo linatakiwa litembee, litoke mahali pamoja lifike pengine, na ikiwezekana likutane na jambo linalolipinga njiani.

Sasa mhamishe msichana huyohuyo kwenye fomu ya UCAS. Babu anapata sentensi moja, pengine hata hiyo haipati. Nafasi inachukuliwa na alichokifuatilia: amelinganisha jinsi magazeti mawili yalivyoripoti tukio moja, akaona nini kimeachwa na kila moja, akasoma nini ili kuelewa wahariri wanavyoamua, na hajaridhika na maelezo gani. Mpeleke kwa mfadhili, na babu anaondoka kabisa. Huko swali ni alichokianzisha, kwa mfano safu ya kusahihisha makosa katika gazeti la shule, toleo ngapi, ilipingwa na nani, ilibadilisha nini, na akishasoma ataipeleka kazi hiyo chombo cha aina gani na kwa nini hapo. Mtu mmoja, mbegu moja, mazao matatu tofauti.

Shida si sifa

Waombaji wengi wanaamini kuna mnada wa mateso, na kwamba aliyeumia zaidi ndiye anayeshinda. Matokeo yake ni insha zinazoorodhesha misiba kama hati ya madai. Nimesoma rasimu ambayo ndani ya aya moja kulikuwa na kifo, mafuriko, kufukuzwa shule na ugonjwa, na nilipomaliza sikuwa namjua mwandishi hata kidogo. Nilikuwa nayajua yaliyompata tu.

Shida inaweza kuwa kiini cha insha bora, ila ikiwa tu mwandishi ndiye anayeonekana ndani yake, akiamua, akikosea, akigundua jambo. Swali la kujiuliza ni hili: kuna kitendo changu hapa, au mimi ni mtendwa kuanzia mwanzo hadi mwisho? Na kuna maumivu ambayo bado mabichi. Kama huwezi kuyaandika bila kutetemeka, huna wajibu wa kuyatoa kwa mgeni ili akupe nafasi. Hakuna kamati inayokudai kidonda.

Kuna na njia ya vitendo ambayo wengi hawaijui. Fomu ya Common App ina sehemu ya maelezo ya ziada, na hapo ndipo mahali pa kueleza kwa sentensi tatu kavu kwamba alama zako zilishuka muhula fulani kwa sababu ulikuwa unauguza mtu, au kwamba shule yako haina maabara. Ukishaliweka hapo, insha yako inapata uhuru wa kuzungumzia kitu kingine, hata kama kitu hicho ni mapenzi yako ya ramani za zamani.

Upande wa pili wa sarafu ni wale wanaogeuza insha kuwa orodha ya ushindi. Kiranja, mwenyekiti wa klabu, mshindi wa pili wa mdahalo, mjitoleaji. Yote hayo yana kisanduku chake kwenye fomu. Kuyarudia kwenye insha ni kumwambia msomaji kwamba huna la ziada. Kwenye insha za uongozi hasa, mtu aliyelelewa akiambiwa kujisifu ni aibu hukwepa kwa kuandika "sisi" kila mahali: tulianzisha, tulipanga, tulifanikiwa. Msomaji anabaki akijiuliza wewe ulikuwa wapi. Andika "sisi" pale palipokuwa na sisi, na "mimi" pale ulipokuwa peke yako. "Tulikuwa watu kumi na wawili; mimi nilikuwa mtunza hesabu, na ndiye niliyegundua kwamba michango ya mwezi Machi haikulingana na risiti." Hakuna majivuno hapo, kuna taarifa.

Lugha, methali na mikono ya watu

Wengi wetu tunaandika insha hizi kwa Kiingereza huku tukifikiri kwa Kiswahili, na hilo lina hasara na faida. Hasara yake ya kwanza ni maneno makubwa. Mtu anayeogopa lugha hujificha nyuma ya misamiati mirefu aliyoiokota kwenye kamusi, na sentensi zake zinakuwa kama nguo za kuazima: zinang'aa lakini zinambana makwapani. Hasara ya pili ni methali. Tulifundishwa kwamba insha huanza na methali, na katika Kiswahili jambo hilo lina raha yake. Ukiitafsiri, vina na mizani vinapotea, linabaki wazo ambalo kila mtu duniani analo. "Haba na haba hujaza kibaba" kwa Kiingereza ni habari ya kwamba vidogo hujumlika. Msomaji wa kamati alishalijua hilo akiwa chekechea.

Faida ni hii: kisa chako unakikumbuka kwa lugha kilichotokea. Ushauri wangu ni kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, haraka, bila kujali urefu, kama unamsimulia rafiki. Kisha weka karatasi hiyo kando na uandike upya kwa Kiingereza bila kuitazama. Usitafsiri. Kile ulichokikumbuka bila kutazama ndicho kilichokuwa na uzito, na sentensi zitatoka fupi kwa sababu ni zako.

Halafu kuna suala la nani amekusaidia. Mwalimu kukusomea na kukuuliza maswali ni jambo la kawaida na jema. Mtu kukuandikia ni udanganyifu, awe mjomba au mashine. Common App imeweka kwenye sera yake ya udanganyifu kuwasilisha kama kazi yako maandishi yaliyozalishwa na akili unde, na UCAS nayo inayachukulia hivyo. Wapo wanaoenda mbali zaidi: ufadhili wa Rhodes umekuwa ukimtaka mwombaji athibitishe kwamba maelezo yake hayakuhaririwa na mtu mwingine. Soma masharti ya kila fomu, maana yanatofautiana, na yanabadilika mwaka hadi mwaka.

Lakini tuache sheria kidogo. Mashine inaandika kwa kuchagua maneno yanayoelekea kufuatana, yaani maneno ambayo watu wengi wangeyachagua. Ukiiomba insha kuhusu babu, itakupa babu wa wastani, jumla ya mababu wote waliowahi kuandikwa. Wale 234 wenye nguo zilizoungua walihitaji kunakili ili wafanane. Siku hizi watu wawili wasiojuana wanaweza kufanana bila hata kunakili. Mashine haiwezi kujua kwamba uliruka ukurasa wa vifo, kwa kuwa hukuwahi kumwambia mtu.

Kukata

Rasimu ya kwanza ikiwa na maneno 900, shukuru. Kisanduku cha Common App hakitapokea yaliyozidi 650, na kukata ndiko kunakoifanya insha iwe insha. Anza na aya ya kwanza. Mara nyingi ni mwandishi anayekohoa kabla ya kuongea, na kisa chenyewe kinaanza kwenye aya ya pili. Kisha tafuta kila sentensi inayoanza na "Tukio hili lilinifundisha" uione kama aya iliyotangulia haikuwa imeshalisema hilo. Kata vielezi. Kata pongezi kwa chuo, hasa zile za "chuo chenu maarufu duniani". Wanajua umaarufu wao. Kama swali ni kwa nini umechagua chuo hicho, taja kozi, maabara au mradi wa utafiti, na useme ungefanya nini nacho. Jaribio langu ni kubadilisha jina la chuo kwenye aya hiyo na kuweka la kingine: ikiwa bado inaeleweka, haijaandikwa bado.

Ukimaliza, ilaze siku tatu nne. Kisha isome kwa sauti, yote, mwanzo hadi mwisho. Ulimi utajikwaa mahali, na pale ulipojikwaa kuna sentensi ambayo haikuwa yako. Mpe mtu mmoja asome bila jina lako juu yake, mtu anayekujua lakini asiyekusifu ovyo, umuulize swali moja tu: ungejua ni mimi? Akisema ndiyo, muulize alijulia wapi. Ataonyesha sentensi moja au mbili, na pengine ndizo ulizokuwa umepanga kuzikata.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, rudi kwenye kila mahali ulipoandika jina la mpokeaji. Lisome kwa kidole, herufi kwa herufi. Mimi sasa hufanya hivyo mara mbili.